Maji Yapandayo Mlima: Pasaka ya Uwanda wa Makonde

Mkesha wa Pasaka huanza nje ya kanisa, gizani, kwa moto. Padri huubariki, kisha hutia alama katika mshumaa mkubwa: msalaba, herufi za Alfa na Omega, tarakimu nne za mwaka, na chembe tano za ubani pale yanapokumbukwa madonda matano ya Kristo. Mshumaa huingizwa kanisani, na waumini wakaambukizana mwanga mkono kwa mkono mpaka kuta zote zionekane. Wanaosimulia usiku huu husimulia moto, na ni haki yao, maana ndio unaokaa machoni.

Mimi nataka kusimulia maji. Katika Uwanda wa Makonde, kuanzia Nanyamba hadi Tandahimba na Newala, moto haujawahi kumsumbua mtu kichwa, kwa kuwa kuni ziko nyuma ya nyumba. Maji ndiyo yaliyowatesa watu kwa vizazi. Na ukiusikiliza mkesha kwa sikio la mtu aliyelelewa huko juu, utaona kwamba usiku ule mzima kinachozungumzwa ni maji. Somo la kwanza ni la Mwanzo, dunia ikiwa bado vilindi. La tatu, ambalo haliruhusiwi kurukwa, ni la Waisraeli kuvuka Bahari ya Shamu. Isaya anawaita wenye kiu. Ezekieli anaahidi maji safi ya kunyunyiziwa watu. Baadaye padri huyabariki maji ya ubatizo, na anaweza kuuzamisha ule mshumaa mara moja au mara tatu ndani yake. Wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, husogea, kila mmoja na msimamizi wake, na maji humwagwa juu ya vichwa vyao. Mji ulio kando ya mto unaweza kuyapokea maneno haya kama mafumbo. Kwa watu wa uwandani, hata kabla ya fumbo, kuna ndoo yenyewe: nani aliichota, wapi, na kwa saa ngapi.

Sababu iko ardhini. Uwanda wa Makonde ni mwinuko mpana unaoanza taratibu karibu na pwani ya Mtwara na Mikindani, ukapanda kuelekea magharibi hadi Newala, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, kisha ukakatika ghafla. Ukisimama Newala, mahali wanapopaita Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma liko chini ya miguu yako na ng'ambo ni Msumbiji. Udongo wa juu ni wa kichanga. Mvua hunyesha vya kutosha, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, lakini haikai. Huzama mara moja, ikapita katika tabaka za mawe laini, na kutokeza tena kama chemchemi kwenye miguu ya mwinuko, mbali chini. Juu hakuna mto wala kijito. Karl Weule, Mjerumani aliyekuja kuchunguza mila za watu wa kusini mwaka 1906 na kukaa Newala, alistaajabia jambo hilo: watu wengi hivi, wanaishi pasipo na maji, na wanawake wao wanateremka ukingo na kupanda tena na mitungi kichwani.

Kwa nini basi walikaa juu? Kwa sababu juu kulikuwa na usalama. Katika karne ya 19 mabonde ya kusini yalikuwa njia za misafara ya watumwa waliopelekwa Mikindani, Lindi na Kilwa, na baadaye yakawa njia za vikosi vya Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara. Vichaka vya uwandani vilikuwa vinene, vyenye miiba, na vijia vyake vilijulikana na wenyeji peke yao. Mwenye kukifuata kijiji cha Wamakonde alilazimika kupanda, kupotea na kuona kiu. Kwa hiyo watu wakakubali kununua usalama kwa maji, na deni hilo wakalilipa wanawake, kila siku, kwa shingo zao.

Hesabu hiyo si ya Wamakonde peke yao. Miji mingi ya kale ya Italia iko vilimani kwa sababu hiyohiyo, kukimbia majeshi ya bondeni, na leo hii wageni huifuata miji kama Gubbio na Enna wakati wa Ijumaa Kuu kutazama maandamano ya vyama vya kidini katika vichochoro vya mawe. Kuna mmoja wa miji hiyo ya milimani ambao una haki ya kutajwa hapa: Norcia, katika mkoa wa Umbria, uliojengwa kwenye kimo cha mita kama 600, karibu sawa na Newala. Ndiko alikozaliwa Benedikto karibu mwaka 480. Kanuni aliyowaandikia wamonaki wake ina sura nzima juu ya Kwaresima, ya 49, inayowataka waingojee Pasaka kwa furaha. Wafuasi wa kanuni hiyo, Wabenediktini kutoka Ujerumani, walifungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895, wakajenga Nyangao, na mwaka 1906 wakaanzisha Ndanda, chini ya mwinuko wa Makonde, pale maji ya chemchemi yanapotoka. Anayeijua historia ya utawa huu hashangai: mmonaki akitafuta kiwanja huanza na maji.

Lakini hawakuwa wa kwanza kuileta Pasaka kusini. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alitoka Zanzibar na kundi la watu waliookolewa utumwani, akashukia Lindi na kutembea nao kuelekea bara. Wengi wao walikuwa na asili ya huko walikokuwa wakienda. Walipofika chini ya majabali ya Masasi wakakaa. Pasaka iliyofuata iliangukia tarehe 1 Aprili 1877. Kila ninapoifikiria tarehe hiyo, nawafikiria wasikilizaji wa somo la kuvuka bahari: watu waliovushwa kwa majahazi kuingia utumwani, na sasa wamevushwa tena kurudi. Sidhani kama kuna mahali pengine Afrika Mashariki ambapo simulizi ya Kutoka ilihitaji maelezo machache kuliko hapo.

Mwaka 1882 Magwangwara waliishambulia Masasi. Nyumba zikachomwa, baadhi ya watu wakauawa na wengine wakachukuliwa, na misheni ikatawanyika kuelekea Newala, yaani kupanda juu, kama walivyokuwa wamefanya Wamakonde kabla yao. Miaka michache baadaye, mwaka 1886, akaja Cecil Majaliwa kukaa Chitangali. Alikuwa Myao aliyewahi kuwa mtumwa, akasomeshwa Zanzibar, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni hiyo. Namtaja kwa makusudi. Tunapozungumza kuhusu Ukristo wa kusini, majina ya kigeni hujaa mdomoni, na huyu padri aliyebatiza, aliyehubiri kwa lugha ya watu, aliyekwenda na kurudi kwa miguu kati ya vijiji, husahauliwa. Baadhi ya Pasaka za mwanzo katika maeneo haya ziliongozwa na mtu aliyejua mwenyewe maana ya kununuliwa na kuachiwa huru.

Kisha mwaka 1905 likaja jambo jingine la maji. Vita vya Maji Maji vilivyowashwa na dawa ya maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe vilifika kusini. Misheni za Lukuledi na Nyangao zikateketezwa, na Sista Walburga Diepolder akapoteza maisha. Askofu Cassian Spiss na wenzake walikuwa wameuawa Agosti mwaka huohuo njiani kuelekea Liwale. Njaa iliyoletwa na Wajerumani walipokuwa wakikomesha vita iliua watu wengi kuliko risasi. Ndanda ilianzishwa juu ya majivu hayo. Kwa hiyo wamonaki walipoanza tena kuwamwagia watu maji ya ubatizo, walifanya hivyo katika nchi ambayo watu wake walikuwa wametoka kuzika waliotegemea maji mengine. Mwandishi wa historia ya kanisa anayeyaruka makaburi hayo haelewi ni kwa nini wazee wengi waliikataa dini ya misheni kwa miaka mingi.

Na wengi hawakuikataa dini kwa jumla. Walichukua nyingine. Felicitas Becker, mwanahistoria aliyechapisha mwaka 2008 kitabu kuhusu kuenea kwa Uislamu katika maeneo haya, ameonyesha kwamba Uislamu uliingia vijijini bila misheni wala bajeti, kwa mikono ya walimu ambao wenyewe walikuwa wakulima, hasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Ukatoka pwani kupanda magharibi, wakati Ukristo ukitoka Masasi na Ndanda kuja mashariki. Nanyamba iko upande wa pwani wa uwanda, kwenye barabara ya Mtwara kwenda Tandahimba, na Waislamu ndio wengi. Hapa Mkristo anaifanya Pasaka yake akiwa mgeni mwalikwa wa kalenda ya jirani, na jirani naye ni shemeji, binamu, au baba mzazi.

Ndiyo maana Pasaka za mwaka 2022, 2023 na 2024 zilikuwa za pekee: zote tatu ziliangukia ndani ya Ramadhani. Kabla ya hapo ilitokea mwaka 1990 na 1991. Si bahati tu, kuna hesabu ndani yake. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu 21 Machi, kwa hiyo haiwezi kutangulia 22 Machi wala kupita 25 Aprili. Ramadhani nayo hufuata mwezi mwandamo, na kila mwaka hurudi nyuma kama siku 11, ikazunguka majira yote kwa miaka kama 33. Kwa sababu mwezi hupevuka katikati ya Ramadhani, Pasaka ikiingia humo haiwezi kuwa siku za mwanzo wala karibu na Idi. Itaangukia wiki ya tatu au mwanzoni mwa ile ya mwisho. Mwaka 2022 mwezi ulipevuka usiku uleule wa mkesha, tarehe 16 Aprili. Mwaka 2024 Jumapili ya Pasaka, 31 Machi, ilikuwa takriban siku ya ishirini ya mfungo, ambapo Waislamu wanakaribia lile kumi la mwisho wanalotafutia usiku wa cheo.

Fikiria Jumamosi ya namna hiyo katika mji mdogo. Kanisa linakataza kuanza mkesha kabla ya usiku kuingia. Msikiti unakataza kufungua kabla ya jua kuzama. Watu wa dini mbili wanalitazama jua moja, linalozama kidogo baada ya saa kumi na mbili jioni, na kila mmoja ana lake la kungoja. Adhana ikilia, futari inaliwa. Kiza kikishika, moto wa Pasaka unawashwa. Wakati wa tarawehe upande mmoja, upande wa pili masomo yanaendelea, na sauti hukutana juu ya mapaa. Kengele za kanisa zilizonyamaza tangu Utukufu wa Alhamisi Kuu hurudi, na Aleluya iliyofungiwa Kwaresima yote huimbwa. Wakristo wanaochelewa kulala huwakaribia Waislamu wanaowahi kuamkia daku.

Mezani ndiko ujirani unakojulikana. Katika sehemu kubwa ya Tanzania mwenye hekima, akiwa Mkristo, humwita Mwislamu achinje kuku au mbuzi wa sikukuu, ili mgeni yeyote aweze kula bila wasiwasi. Katika nyumba zenye dini mbili huo si ukarimu wa hiari, ni utaratibu wa jiko. Na Pasaka inapokuwa ndani ya Ramadhani, sinia la mchana huwa la watoto na waliokwenda kanisani, lakini wali wa nazi na nyama yenye heshima husubiri magharibi. Wako wanaosema huku ni kuipunguza Pasaka. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtu aliyefunga siku 40 za Kwaresima anaweza kusubiri saa sita zaidi, na anayekula pamoja na aliyeshinda na njaa hula vizuri zaidi.

Wala Pasaka ya uwandani haijawahi kuwa sikukuu ya makeke. Sababu yake ni mkorosho. Korosho huokotwa kuanzia Oktoba, minada ya vyama vya ushirika huendelea hadi mwisho wa mwaka, na fedha ikiwapo ni Krismasi inayoifaidi: nguo mpya, mabati, pikipiki, harusi. Ifikapo Machi au Aprili akiba imekwisha, na mkulima anawaza salfa ya kupuliza mikorosho baada ya mvua kukata. Mwaka 2019, Pasaka ilipokuwa tarehe 21 Aprili, wapo wakulima waliokuwa wakingoja malipo ya korosho zilizonunuliwa na Serikali msimu uliotangulia kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Basi sikukuu hii huja wakati mifuko ni mitupu lakini shamba lina mahindi mabichi, na pwani ina samaki wa Ijumaa Kuu. Matawi ya Jumapili ya Matawi hayanunuliwi. Minazi ipo, ukindu upo. Mtu asiye na kitu hushika tawi sawasawa na la diwani.

Na jambo ambalo msafiri halioni: matangi yamejaa. Wenyeji wa uwandani wamejifunza kuvuna mvua kutoka kwenye mabati na kuihifadhi katika matangi yaliyochimbwa uani na kusakafiwa kwa saruji. Mwisho wa masika ndio wakati maji yako karibu na nyumba kuliko miezi mingine yote. Kalenda ya Kanisa ilitungwa mbali na huku, ikifuata majira ya kaskazini ambako Aprili ni mwanzo wa kuchipua. Huku Aprili ni mwisho wa mvua, lakini ni ukamilifu wa tangi. Sijui kipindi bora zaidi cha kuyabariki maji kwa wingi juu ya mwinuko huu.

Mkesha wenyewe, kwa namna tunavyoujua, si wa zamani sana. Hadi katikati ya karne ya 20 Wakatoliki waliufanya Jumamosi asubuhi, moto mpya ukiwashwa juani. Papa Pius XII ndiye aliyeruhusu urudishwe usiku mwaka 1951, kisha akalitengeneza upya Juma Kuu lote mwaka 1955. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa kuyasukuma maji kutoka bondeni kuja juu ya uwanda. Baadaye, kati ya 1972 na 1993, Ufini ilifadhili mradi mkubwa wa maji wa Mtwara na Lindi. Siku hizi Mradi wa Maji Makonde, wenye visima vyake Mitema, umo katika mpango wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo kutoka India, na Nanyamba ni miongoni mwa miji inayotarajia kunufaika nao. Mabomba yamepasuka, pampu zimekufa na kufufuliwa, na madumu bado yanapangwa foleni. Hata hivyo bibi aliyebatizwa utotoni kwa maji yaliyopandishwa kichwani ameishi hadi kumwona kitukuu wake akibatizwa kwa maji ya bomba. Mabadiliko hayo nayaona makubwa kuliko lami, ingawa lami nayo imefika Mnivata, kilomita 50 kutoka Mtwara.

Hofu ya bondeni haikuisha na karne ya 19. Oktoba 2020 wapiganaji waliovuka Ruvuma kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, walikishambulia kijiji cha Kitaya, huku upande wa Tanzania. Watu waliuawa na nyumba zikachomwa. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma, ng'ambo ya mto, ulivamiwa. Jumapili ya Matawi ilikuwa siku nne tu baadaye, 28 Machi, na Pasaka 4 Aprili, huku watu wa Palma wakikimbia kwa miguu, kwa boti na kwa kila njia. Waliouawa Kitaya na Palma hawakuwa wa dini moja tu. Ukiyajua hayo, utaelewa kwa nini sala ya Ijumaa Kuu ya kuwaombea watu wote, inayotaja makundi moja baada ya jingine pamoja na wasiomwamini Kristo, husomwa huku kwa uzito. Anayeombewa ana jina na uwanja wake uko jirani.

Mgeni anayetaka kuiona Pasaka ya kusini kwa macho aanzie Mtwara mjini, katika kanisa la Mtakatifu Paulo, Majengo, ambalo kuta zake Padri Polycarp Uehlein alizijaza picha za Biblia katika miaka ya 1970. Kisha apande. Asikose mkesha kwa sababu ya urefu wake, na asiondoke Jumatatu asubuhi, kwa kuwa Jumatatu ya Pasaka ndiyo siku ya kutembeleana: wanaotoka kanisani hupita kwa wajomba zao Waislamu, sahani hupelekwa zimefunikwa, na deni la Idi iliyopita hulipwa kwa pilau. Akipewa maji ya kunawa kabla ya chakula, apokee kwa mikono miwili, na asiache bomba la kibuyu likitiririka.